Uso wa Dereva, Barabara ya Kibumba

Asumini alikuwa ameharibu picha za asubuhi nzima, na Fortunat alikuwa bado anacheka.

"Onyesha," alisema, akinyoosha mkono.

"Sionyeshi."

"Onyesha, mwanafunzi."

Akampa kamera. Kwenye kioo chake kidogo palionekana kitu cha kijani kilichoburutwa toka upande huu hadi ule, kama mtu aliyefuta meza kwa kitambaa chenye mchuzi wa sombe, majani ya muhogo.

"Hii ni nini?"

"Ni chukudu na kabeji."

"Chukudu yenyewe iko wapi?"

"Iko ndani ya kabeji," Asumini akajibu, na sasa naye akacheka, maana angefanya nini.

Walikuwa wamesimama ukingoni mwa barabara ya Rutshuru, pale Kibumba inapoanza kuinama kuelekea Goma. Kwenye mteremko ule watu wa chukudu hushuka na mazao ya mashamba, magunia yamefungwa mpaka yamezidi kimo cha mtu. Chukudu, baiskeli ya mizigo isiyo na pedali, ni mbao tupu, hata magurudumu yake ni mbao iliyovishwa mpira. Lakini ikishapata mteremko, mwenyewe hupiga goti juu ya ubao, akashika usukani kama pembe za ng'ombe, na upepo ukamjaa shatini. Hicho ndicho Fortunat alichotaka Asumini akikamate: mtu ametulia waziwazi, na dunia yote nyuma yake imegeuka mistari.

"Inaitwa filé," alikuwa amemwambia. "Foto ya kawaida inasimamisha mutu. Hii haimusimamishi. Inamuacha aende, na bado unamuona uso."

Fortunat Buhendwa alikuwa mpiga picha wa harusi, mwenye studio karibu na soko la Virunga. Alikuwa Mkatoliki, mtoto wa watu waliotoka upande wa Bukavu, na alikuwa na majivuno ya fundi anayejua kwamba mkono wake haukosei. Asumini alikuwa binti wa mzee Useni, dereva wa malori, Mwislamu wa mtaa wa Birere ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara zao. Walikutana kwenye harusi ya dada wa Shakila, na Shakila ni rafiki wa Asumini. Asumini alimwendea Fortunat katikati ya watu akamwambia kwamba anapiga picha za meza za matajiri tu, na kwamba mashangazi waliopika tangu alfajiri wana nyuso pia. Fortunat alikasirika. Kisha akaenda jikoni akawapiga mashangazi picha. Zile picha ndizo zilizopendwa kuliko zote, na tangu hapo hakuweza kumsahau msichana aliyemkosoa.

"Kosa lako ni moja," alisema sasa, akisimama nyuma yake. "Unangoja chukudu ifike mbele yako njo uanze kuifuata. Mupokee kule juu, angali mudogo. Mufuate na kiuno, si na mikono. Viwiko ubane kwenye mbavu. Akifika hapa, finya polepole, na usisimame. Uendelee kugeuka naye mpaka aende zake."

"Kama mgeni."

"Mugeni gani?"

"Mgeni unamwona akiwa mbali, unampokea, unamsindikiza. Humwachi mlangoni ukarudi kukaa."

Fortunat alimtazama kitambo. "Minafundisha vijana hii kazi tangu zamani," akasema, "na hakuna aliyenielewa upesi hivyo. Weka un trentième."

Hiyo ilikuwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, muda ambao kamera hufumbua jicho lake na kulifumba. Asumini akazungusha kigurudumu. Mkono wa Fortunat ukatua begani pake kumwonyesha mwendo, kushoto kwenda kulia, taratibu, mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu haikuhitajika. Mkono haukuondoka, wala Asumini hakuuondoa.

Kichwani alikuwa amevaa kofia ya Fortunat. Mtandio wake ulikuwa umekunjwa ndani ya begi la kamera. Alijiambia kwamba ameuvua kwa sababu ukanda wa kamera ulikuwa unanasa, na tena kuna jua. Lakini hakuwa mwongo hodari, hata mbele ya nafsi yake mwenyewe. Alijua ameuvua ili mtu wa Birere akipita asimjue. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa Shakila kusukwa nywele.

"Jana niliandika kitu," Fortunat alisema karibu na sikio lake.

"Soma."

"Utacheka."

"Nitacheka kidogo."

Fortunat akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama barabara:

"Jicho langu lafuata
mwendo wako barabara;
mengine yote hupita
kama moshi wa sigara."

Moyo ulikuwa unamwenda Asumini kama chukudu yenyewe. Kisha akasema, "Lakini weye huvuti sigara."

"Ile 'ra' ya mwisho ilinibana. Ningeweka nini?"

"Ungeweka Bujumbura."

"Ni ndefu, inazidi. Tazama mbele. Kuna gari inakuya."

Juu ya mteremko lilikuwa limetokea lori, Fuso nyeupe iliyochafuka matope hadi kwenye vioo, ikishuka kwa kasi nzuri. Asumini akalipokea likiwa dogo. Akabana viwiko, kamera imegusa uso. Alichagua dirisha la dereva, akaliweka katikati ya kioo, akaanza kugeuka nalo kwa kiuno, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alihisi kitu kinakaa sawa, kama uzi unapoingia kwenye tundu la sindano. Lori likakua. Dirisha halikutikisika. Akafinya polepole, akaendelea kugeuka, akalisindikiza mpaka likaishia kwenye kona na vumbi lake.

Fortunat alichukua kamera kabla hajaombwa. Akatazama, akapiga mluzi.

"Iko nette," alisema. "Asumini, tazama, iko wazi kabisa. Hata yangu ya kwanza haikuwa hivi."

Akatazama. Migomba na nyumba za mbao za kandokando vilikuwa vimeyeyuka vikawa mistari ya kijani na kijivu. Katikati yake mlango mweupe wa lori ulikuwa umesimama kimya, na juu ya mlango mkono wenye saa ya zamani, na juu ya mkono uso wa mwanaume mzee mwenye kofia ya kufuma, umegeuka kumtazama mpiga picha moja kwa moja. Kila mkunjo wa uso ule ulionekana.

Kofia ile aliifuma mama yake Asumini.

"Asumini? Nini?"

"Ni papa."

"Papa nani?"

"Papa yangu, Fortunat."

Fortunat akaunyakua mkono wake kutoka begani pake, kana kwamba lori lilikuwa bado linapita. "Si ulisema gari yake ni ya bluu?"

"Hii ni ya Kambere, mwenzake. Kambere anaumwa, papa akasema atamfanyia safari ya Kalengera. Alisema. Mezani alisema, mbele yangu." Alijaribu kukumbuka kwa nini hakusikia, na akakumbuka: chini ya meza alikuwa anasoma ujumbe wa Fortunat kwenye simu.

"Hakusimama."

"Hakusimama."

"Basi amekasirika sana. Twende. Twende sasa hivi, tumukute nyumbani, minamuambia mimi mwenyewe."

"Hapana."

"Asumini."

"Nimesema hapana. Nipe mtandio wangu."

Alijifunika barabarani pale pale, huku macho yake hayatoki kwenye kioo cha kamera. Si hasira ndiyo iliyomtisha. Hasira ya baba yake aliijua. Ilikuwa ya kelele, na ilikwisha kabla ya chai kupoa. Uso huu haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayemtazama mtoto wa wengine. Kwa maisha yake yote Asumini hakuwa amewahi kuuona, kwa sababu hakuwa amewahi kuwa mtoto wa wengine.

*

Jioni alimmiminia baba yake maji ya kunawa, na mtungi ukagonga beseni.

"Polepole, mama yangu," mzee Useni alisema. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa Asumini lilikuwa jina la mama mzazi wa mzee mwenyewe, naye alilitoa kwa binti mmoja tu. "Huna nguvu. Umekula mchana?"

"Nimekula, papa."

Huo ukawa uongo mwingine. Alikaa karibu na mama yake, akangoja. Mzee alimega bugali, akachovya, akala sambaza, dagaa wa ziwani, kichwa na mkia kama kawaida yake. Alimuuliza mkewe habari za soko. Alilalamikia breki za Kambere. Asumini alikuwa ameanza kufikiri kwamba baba yake anamtesa kwa makusudi, ndipo mzee aliposema, "Leo nimeona kitu Kibumba."

"Kitu gani, Papa Jafari?" aliuliza mama. Jafari alikuwa mtoto wao wa kwanza, anayeishi Kindu.

"Vijana wawili na kamera. Msichana amevaa kofia ya kiume, na kijana amemshika bega, hivi." Akaweka mkono begani pa mkewe.

"Niache, mkono wako una mafuta ya samaki."

"Ananipiga foto, na mimi simjui, wala yeye hanijui. Napita, anageuka na mimi, mwili mzima, kama alizeti na jua. Na yule kijana nyuma yake anageuka naye."

"Labda ni waandishi wa habari."

"Mwandishi hashikwi bega. Mimi niko barabarani tangu Jafari hajazaliwa, bega la namna ile nalijua." Mzee alitafuna, akameza. Sauti yake ikashuka. "Nilimtazama, nikasema, huyu ni mutoto wa mutu. Kuna muzee mahali anakula jasho lake, anajua binti yake yuko shule, ao yuko kwa fundi. Nikamhurumia yule muzee. Kweli nilimhurumia. Halafu nikasema alhamdulillahi, wangu yuko kwa Shakila anasukwa nywele."

Mama akageuka kumtazama Asumini kichwani. "Na hizo nywele ziko wapi?"

"Shakila alikuwa na watu wengi," Asumini alisema. Sauti ilitoka nyepesi, ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: jinsi ilivyotoka vizuri.

"Utarudi kesho," mzee alisema. "Hakuna haraka. Mama yangu, niongezee maji."

Akamwongezea. Mzee hakujua. Kamera ilikuwa imemfunika Asumini uso, kofia ikafunika yaliyobaki, na baba aliyeogopwa alikuwa amemshukuru Mungu kwa ajili yake. Angeweza kwenda kulala. Asubuhi ingefika na jambo lote lingekuwa limepita. Aliosha vyombo, akaviosha tena, mama yake akamuuliza kama sahani zina ugonjwa.

*

"Hakunijua," alimwambia Fortunat kesho yake mchana, akisimama mlangoni mwa studio. "Alituona, lakini hakunijua. Alinisimulia mimi mwenyewe mbele yangu." Akamweleza yote, hadi alhamdulillahi.

Alitegemea Fortunat apumue. Fortunat alikuwa anakata picha ndogo za pasipoti, na mkasi ukasimama.

"Na weye ulisema nini?"

"Ningesema nini? Nilimpa maji."

"Ulimpa maji."

"Ifute ile foto, Fortunat. Ifute tumalize."

Akafungua droo, akatoa kamera, akaiweka mezani kati yao. "Weye njo ulifinya. Mimi sifuti foto ya mutu mwingine. Kitufe ni kile chenye alama ya pipa."

Asumini akaishika. Uso wa baba yake ukatokea. Kidole gumba kikakaa juu ya kitufe, kikakaa, kikakaa.

"Unaona," Fortunat alisema. "Ulitaka nifute mimi, ili siku moja useme Fortunat njo alifuta."

"Usiongee na mimi hivyo."

"Niongee vipi? Nicheke? Papa yako ananitaja mezani kama mwizi wa watoto, na mutu anayenijua anamuongezea maji." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mimi siko mwizi, Asumini. Mama yangu nilimuambia. Jumapili, tukitoka misa, dada zangu Joviale na Jeanine wanasikia. Nilisema, kuna msichana ninamupenda, anaitwa Asumini, ni Muislamu, ni binti wa muzee Useni wa Birere. Unajua alifanya nini?"

"Hukuniambia."

"Alivua viatu vyake vya misa, akavipanga chini ya kiti, akaenda kulala. Mama yangu halalagi mchana. Hata papa alipokufa hakulala mchana. Tangu ile siku ananipikia, anaweka sahani, anatoka. Dada zangu wanakula wakitazama ukuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekimbia."

Ilikuwa kweli. Siku zote hizo kijana huyu alikuwa anakula peke yake kwa ajili yake, kisha anapanda pikipiki kuja kumfundisha kubana viwiko na kumtungia mashairi yanayoishia na sigara. Na yeye alikuwa amelipa nini? Mtandio uliokunjwa.

"Kwako ni rahisi kidogo," alisema hata hivyo, maana aliyeumia hujitetea. "Mimi nimepewa jina la mama yake papa. Haniiti Asumini, ananiita mama yangu. Nikimwambia, si mimi peke yangu ninayeanguka."

"Basi usimuambie."

"Fortunat."

"Sikusukumi. Beba unachoweza. Lakini mimi sitarudi Kibumba kukuficha chini ya kofia yangu." Akachukua mkasi, akaukosa mstari, akakata mteja mmoja sikio. Akaitazama ile picha iliyoharibika kwa chuki. "Ninakupenda sana kuliko hivyo," alisema, si kwa upole.

Nje muuza mkate alipita akiimba bei zake. Asumini aliweka kamera chini.

"Itoe kwenye karatasi," alisema.

"Nini?"

"Ile foto. Itoe, kubwa. Na usinitazame nikingoja."

*

Mzee Useni alikuwa uani, ametoka kuswali alasiri, anapaka viatu vyake rangi. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Asumini alimwendea baba yake akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili, na kwa mara ya mwisho moyo wake ukamwambia kwamba bado anaweza kusema ni ya Shakila, ni ya mtu mwingine, ni ya bure.

"Papa, nina kitu chako."

Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaitoa picha. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mama Jafari, kuja uone. Kuja, acha hayo maharage. Ni mimi. Tazama, gari inakimbia, miti inakimbia, barabara yote inakimbia, na mimi nimetulia kama niko msikitini." Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Miaka yote niko barabarani sijawahi kujiona. Kumbe ndivyo nilivyo. Hata saa yangu inasomeka. Walikupa wapi? Wale vijana wana studio hapa mjini? Yule msichana nilimsema vibaya bure, anajua kazi."

Furaha ile Asumini hakuwa ameitegemea. Ilimpiga pabaya zaidi.

"Papa," alisema, "ile kofia niliivaa mimi."

Mzee aliendelea kutabasamu kidogo, kama lori linavyoendelea baada ya breki. Mkono wa mama ulisimama ndani ya maharage.

"Sikwenda kwa Shakila. Nilikuwa Kibumba. Ninajifunza kupiga foto. Sikujua kama ni wewe mpaka umepita, na ulipopita nilitaka ardhi inifiche."

"Na ule mkono?"

"Ni wa Fortunat. Fortunat Buhendwa. Ni mpiga foto."

"Buhendwa," mzee alirudia. "Ni mutu wa Bukavu. Mkristo."

"Mkatoliki. Ndiyo, papa."

"Unampenda?"

Swali hilo halikuwa limeulizwa kamwe uani pale. Mama aliinamisha kichwa. Asumini alisema ndiyo, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kwa shida.

Mzee Useni aliitazama tena picha, na sasa aliitazama kama mtu anayesoma barua. "Huu uso," alisema, "siuwekei watoto wangu. Ningejua ni wewe nisingekutazama hivi. Ningesimamisha gari, ningekuchapa, ningelia, sijui. Lakini si huu."

"Ninajua, papa."

"Hujui. Kibumba haikuniuma, Asumini."

Alimwita kwa jina lake. Asumini akashika nguzo ya paa.

"Kijana kumpenda msichana, hiyo iko tangu zamani. Mimi na mama yako tulijificha pia, nyuma ya mashine ya kusaga, na unga ukatusaliti. Kinachoniuma ni mezani. Nilikaa nikamhurumia yule muzee, mbele ya mke wangu, kumbe muzee ni mimi. Na wewe ulikuwa umeshika maji. Uliniacha niseme mpaka mwisho. Uliniacha nimshukuru Mungu."

Asumini alilia. Hakujitetea, kwa sababu kila alilosema baba yake alikuwa amejiambia mwenyewe tangu jana.

Mama akasema polepole, "Papa Jafari, amekuja mwenyewe. Ungejulia wapi?"

"Nimeona amekuja mwenyewe. Siko kipofu." Mzee aliifuta picha kwa kiganja, pale ambapo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Piga simu yake."

"Papa?"

"Huyo Fortunat. Piga, weka sauti juu."

Asumini akapiga. Simu ililia, ikapokelewa upesi, na sauti ya Fortunat ikajaa ua mzima. "Mwanafunzi wangu, ulimuambia?"

"Aliniambia," mzee Useni alisema.

Upande wa pili zikasikika mashine za studio tu.

"Bonjour, papa. Enchanté. C'est-à-dire que, mimi nilikuwa, je voulais..."

"Ongea Kiswahili. Wewe ndiye unayeshika mabega ya watu barabarani?"

"Ndiyo, papa. Nilikuwa ninamufundisha mwendo."

"Mwendo." Mama alificha mdomo kwa kanga, mzee akaendelea. "Una baba?"

"Alikufa, papa."

"Mungu amrehemu. Mama unaye?"

"Ninaye. Mama Nshobole."

"Anajua habari ya mutoto wangu?"

"Anajua. Nilimuambia mimi mwenyewe."

"Akasema nini?"

Fortunat alisita, na Asumini alijua anasita kwa sababu yake, anatafuta neno lisilomuumiza. Lakini mbele ya mzee kijana hakuficha. "Alikataa, papa. Amekataa kabisa. Haongei na mimi."

"Vizuri," mzee alisema. "Mimi pia nakataa. Umesikia? Nakataa. Basi mlete huyo mama, Jumanne, mchana. Watu wawili wanaokataa wana mengi ya kuongea. Na wewe utakuja, utakaa pale mlangoni, utasikiliza. Mikono juu ya magoti."

"Ndiyo, papa."

"Usilete kamera."

Akamrudishia Asumini simu, akachukua kiatu chake na kitambaa, akaanza tena kupaka rangi kwa nguvu. Asumini alibaki amesimama. Hakujua kama ametimuliwa au amesamehewa, na alijua hana haki ya kuuliza. Alipogeuka kuondoka, baba yake alisema bila kuinua macho:

"Jana ulinyamaza. Leo umesema. Nitayakumbuka yote mawili, usiniombe nisahau moja."

"Sitakuomba, papa," Asumini alisema, akaenda kukaa kando ya mama yake, akavuta ungo upande wake, na wote wawili wakaendelea kuchagua maharage.